Tukiinunua kampuni, ujuzi wake tutaupata?

"Sisi ni kampuni ya kifamilia hapa Malindi. Tunanunua samaki, pweza na kamba kwa wavuvi kuanzia Ngomeni hadi Mayungu, tunauza Mombasa na Nairobi. Kuna kampuni ya vijana tisa kule Kilifi. Wana mtambo wa barafu unaotumia sola, na wameunda programu ya simu inayoonyesha uzito wa mzigo, joto ndani ya sanduku na bei ya siku. Programu bado wanaibadilisha kila mara. Mkopo umewabana na wako tayari kuuza kampuni nzima. Mhasibu wetu anasema tununue, ni rahisi kuliko kuanza wenyewe. Mjomba wangu, ambaye ana hisa nyingi, amekataa. Anasema nahodha hauzwi pamoja na jahazi, tutabaki na vyuma. Nani yuko sahihi? Na mwaka ukiisha, nitajuaje kama teknolojia tumeipata kweli au tumeilipia tu?"

Ndugu yangu, swali lako nimelipenda kwa ajili ya sentensi yake ya mwisho. Wanaokuja kuniona kabla ya kununua kampuni huuliza bei, huuliza madeni, huuliza kodi. Ni wachache mno wanaouliza kama kile watakachokilipia kitawaingia.

Nitangulize jibu, kisha nilifafanue. Mhasibu na mjomba wote wana haki, ila wanazungumzia vitu viwili wakidhani ni kimoja. Kwenye barafu, mhasibu kasema kweli: ujuzi huo mnaweza kuupata, tena upesi. Kwenye programu, mjomba kaona mbali. Ningekuwa mimi, nisingeinunua kampuni nzima msimu huu.

Kuna dhana iliyomkaa mhasibu wako, na hayuko peke yake, kwamba teknolojia imo ndani ya mali ya kampuni, kwa hiyo ukiichukua mali umeichukua na teknolojia. Saini ya wakili inahamisha mashine, gari, jina, hakimiliki, hataza (yaani haki rasmi za kumiliki uvumbuzi) na mikataba. Haihamishi kile anachokijua fundi anaposikia mtambo umebadilika mlio. Matajiri wakubwa wa dunia wamelipia somo hili. Mwaka 2011 Google ilikubali kuinunua Motorola Mobility kwa dola bilioni 12.5. Mwaka 2014 ikatangaza kuiuza kwa Lenovo kwa dola bilioni 2.91, na sehemu kubwa ya hataza ikabaki mikononi mwa Google. Hataza ni karatasi, zilibaki vizuri tu. Mwaka huohuo wa 2014 Microsoft ilikamilisha ununuzi wa biashara ya simu ya Nokia. Mwaka uliofuata ikafuta dola bilioni 7.6 kwenye vitabu vyake na kutangaza kupunguza kazi 7,800, nyingi zikiwa za upande huohuo wa simu. Waliokuwa wakijua kuunda simu ndio waliotoka mlangoni.

Dhana ya pili ni ya mjomba, nayo ni ngumu zaidi kuing'oa kwa sababu nusu yake ni kweli. Anaamini kuwa ujuzi hauhami kabisa. Unahama, lakini una sharti, na sharti hilo liko kwenu wanunuzi. Mwaka 1990 watafiti Wesley Cohen na Daniel Levinthal walieleza jambo ambalo sasa hurudiwa katika kila darasa la biashara: uwezo wa kampuni kufyonza maarifa ya nje hutegemea maarifa ya karibu ambayo tayari inayo. Asiyejua chochote kuhusu kitu hawezi hata kutambua kipi ndani yake kina thamani, sembuse kukitumia. Kwa hiyo kabla ya kuwachunguza vijana wa Kilifi, jichunguzeni nyinyi. Ni nani kwenu atakayeupokea huo ujuzi? Mtaje kwa jina. Kama jina halipatikani, hakuna wa kupokea.

Sisi wa huku tunaliona hili kila tukipita Ngomeni. Kwenye yale majukwaa ya Waitaliano baharini roketi zilirushwa kuanzia 1967 hadi 1988. Setilaiti ya Uhuru iliondoka pale tarehe 12 Desemba 1970. Kazi zilikuwepo, watu wetu walifanya kazi pale. Hata hivyo Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kuangalia ardhi, iliporushwa Aprili 2023 ilipandishwa na roketi ya SpaceX kutoka California. Ujirani peke yake haukutupa ujuzi wa kurusha, maana ujirani haukuja na Wakenya waliokaa mezani wakifanya hesabu zilezile kwa miaka.

Sasa tuuangalie mtambo wenyewe, maana hapa ndipo jibu langu linaposimama. Mitambo mingi ya barafu ya vipande hufanya kazi hivi: kuna ngoma ya chuma iliyopozwa sana, maji humwagika juu yake na kuganda kama ganda jembamba, kisha kisu hulikwangua likaanguka. Kwenye karatasi hakuna zaidi. Lakini visima vingi vya kwetu viko kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yamejaa chokaa. Chokaa hujenga ukoko juu ya ngoma, ukoko huzuia ubaridi usiyafikie maji, barafu inatoka laini na nyevunyevu, na kompresa inafanya kazi mara mbili kwa mzigo nusu. Kwa upande mwingine, maji yakiwa safi kupita kiasi ganda linang'ang'ania ngoma, ndiyo maana mafundi wengine huyatia chumvi kidogo mno ili barafu iachie. Ngapi? Hilo linategemea maji ya siku hiyo: ya mfereji kutoka Baricho, ya kisima, ya boza. Fundi anayeujua mtambo huchukua kipande, akakivunja kwa vidole, akaenda kurekebisha. Ukimuuliza alijuaje, atacheka.

Huo ndio ujuzi unaotaka kuununua, na habari njema ni kwamba mna pa kuupokelea. Mmekuwa na majokofu miaka yote, mna fundi wa friji au mnamjua, wapakiaji wenu wanaijua barafu mbovu kwa kuiona. Umbali kati ya mnachokijua na wanachokijua wao ni mdogo. Fundi wenu akikaa bega kwa bega na wao msimu mmoja, akiushika mtambo kwa mikono yake badala ya kusimama pembeni na daftari, ataumudu. Upande wa sola una mambo yake, betri hasa, lakini fundi wa sola Pwani hatafutwi kwa tochi.

Programu ni habari nyingine. Nani katika kampuni yenu anaweza kuusoma msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha? Nadhani hakuna, na hilo si aibu, kazi yenu ni samaki. Lakini maana yake ni kwamba mtanunua nywila za kuingilia. Siku mtandao wa simu ukibadilisha kitu, au vipima joto vya masanduku vikianza kudanganya, mtampigia kijana aliyeiunda, na kijana huyo atakuwa Nairobi ameajiriwa na mtu mwingine.

Gautam Ahuja na Riitta Katila walichunguza kampuni za kemikali zilizonunua nyingine, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Ununuzi ulisaidia ubunifu pale ujuzi wa pande mbili ulipohusiana kiasi. Ukifanana mno, hakuna jipya la kujifunza. Ukiwa mbali mno, haushikiki. Tena kadiri ujuzi ulionunuliwa ulivyokuwa mkubwa ukilinganishwa na wa mnunuzi, ndivyo matokeo yalivyopungua. Barafu yao iko hapo katikati. Programu yao, kwenu, iko ng'ambo.

Kuna jambo jingine kuhusu programu ambalo sijaona mhasibu akiliweka kwenye hesabu. Wavuvi wanaiamini kwa sababu ya nani? Leo inaonyesha uzito na bei, na anayeionyesha si mnunuzi wa samaki. Mkishaimiliki nyinyi, mizani itakuwa ya tajiri, na bei ya siku itakuwa bei ya tajiri. Unajua mwenyewe mabishano ya mizani ufuoni yalivyo. Mama karanga, yule mama anayenunua samaki akawakaanga na kuwauza, anayepata bei yake humo naye atasita. Ipo teknolojia ambayo hupoteza nusu ya thamani yake kwa kubadilisha mwenyewe tu, na ninaihofia hii kuwa mojawapo. Kaulizeni wavuvi kabla ya kuweka bei mezani, kupitia BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, au hata kwa mazungumzo ya jioni. Wataeleza bila kuficha.

Tuseme mmeamua kununua hata hivyo. Hapo wanunuzi hugawanyika njia mbili, na zote zina hatari. Wengine huimeza kampuni siku ya kwanza: jina linabadilishwa, vijana wanaambiwa wafike saa moja asubuhi, kila matumizi yapitie kwa mhasibu. Wengine huiacha kando kabisa, "tusiwasumbue", na miaka miwili baadaye hakuna mtu wao aliyejifunza chochote. Phanish Puranam, Harbir Singh na Maurizio Zollo, katika utafiti wa mwaka 2006, waliona kwamba kuiunganisha kampuni ndani ya mnunuzi kulipunguza uwezekano wa kutoa bidhaa mpya, hasa kwa zile ambazo hazikuwa zimetoa bidhaa yoyote kabla ya kununuliwa, na kwa zote katika kipindi cha mara tu baada ya kununuliwa. Ujuzi ulipokomaa, madhara hayo yakafifia. Kwa lugha ya kwetu: kilichokomaa kiunganisheni, kichanga msikiguse. Mtambo wa barafu umekomaa, uleteni karibu na shughuli zenu mapema. Programu inayobadilishwa kila mara ni changa. Waacheni waliounda waendelee kuiunda, na mhasibu asiwawekee fomu.

Mfano ninaoupenda ni Geely ya Uchina iliponunua Volvo Cars kutoka kwa Ford mwaka 2010. Mnunuzi ndiye aliyekuwa nyuma kiteknolojia, kama mlivyo nyinyi kwenye programu. Hawakuwahamisha wahandisi wa Uswidi, wala hawakuwaacha peke yao. Volvo iliendelea kuwa na uongozi wake, na mwaka 2013 Geely ikafungua kituo cha pamoja cha uhandisi huko Gothenburg, ambako msingi mmoja wa gari ulitengenezwa utumike na pande zote mbili. Mwaka 2017 magari yaliyojengwa juu yake yalikuwa yanatoka: XC40 kwa Volvo na Lynk & Co 01 kwa upande wa Geely. Ujuzi ulivuka kwa sababu kulikuwa na kazi ya pamoja yenye tarehe ya kumalizika. Mikutano ya kujuana haikutosha.

Na mfano wa nyumbani tunao mfukoni. M-Pesa ilianza Machi 2007, lakini jina na mfumo vilikuwa vya Vodafone, na Safaricom ilikuwa ikilipia. Mwaka 2015 mitambo yake ilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya. Ni mwaka 2020 tu ambapo Safaricom na Vodacom zilikamilisha ununuzi wa jina hilo na mfumo kutoka kwa Vodafone. Angalia mpangilio: waliiendesha zaidi ya miaka kumi, wakaijua ndani nje, ndipo wakainunua. Wengi wetu tunaanza mwisho.

Kwa hiyo mna njia gani? Kununua hisa zote kunamaanisha kampuni inakuja ilivyo, na mikataba ya wafanyakazi inaendelea kama kawaida, lakini mkopo unaowabana unakuwa wenu. Kununua mali pekee, yaani mtambo, gari na haki za programu, kunawaacha na madeni yao, na ndiyo njia ambayo mhasibu ataipenda. Hapo tahadhari. Kwa sheria ya Kenya mikataba ya ajira haihami yenyewe biashara inapouzwa. Vijana watapaswa kuachishwa na mwajiri wao kisha nyinyi muwaajiri upya. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi na malipo yasiyopungua siku kumi na tano kwa kila mwaka uliokamilika kwa anayepunguzwa kazini. Katikati ya kuachishwa na kuajiriwa kuna mlango wazi, na wenye ujuzi zaidi ndio wenye pa kwenda. Kwa maneno mengine, njia iliyo salama kwa pesa ndiyo hatari zaidi kwa ujuzi.

Njia ninayoipendelea kwenu ni ya polepole. Nunueni mtambo wa barafu, au muingie ubia juu yake, kwa mkataba unaomfunga fundi wao mkuu kuwafundisha watu wenu wawili kwa msimu mzima. Wawili, kwa sababu mmoja huugua au huhama. Sehemu ya malipo ishikwe mpaka watu wenu waumudu mtambo bila yeye. Kwenye programu, muwe wateja wa kulipa kila mwezi, na kama mna pesa za ziada chukueni hisa chache bila kutaka usukani. Fedha hizo huenda zikawapunguzia mkopo, na kampuni ikabaki hai. Mkiona baada ya mwaka mmoja kwamba mmempata mtu wenu anayeielewa, mnaweza kuongeza. Kasoro ya njia hii siifichi: mwingine anaweza kuja na pesa taslimu akainunua yote mkiwa bado mnajifunza. Wekeni basi kwenye mkataba haki ya kupewa nafasi ya kwanza wakitaka kuuza.

Wakati nao una maana. Fanyeni mafunzo na uhamishaji wakati wa kusi, bahari ikiwa chafu na mzigo mdogo. Kaskazi ikiingia, samaki wakawa tele, hakuna atakayekuwa na nafasi ya kumfundisha mwenziwe, na kila kosa la barafu litaonekana kwenye lori linaloelekea Nairobi.

Sasa swali lako la mwisho, la kujua kama mmeipata. Watafiti wanaopima ufanisi wa kampuni mara nyingi hutumia mbinu iliyotolewa na Charnes, Cooper na Rhodes mwaka 1978. Hupanga kampuni nyingi, hutazama kila moja imetia nini na imetoa nini, kisha hupima zote dhidi ya zilizofanya vizuri zaidi. Mara nyingi upande wa kutoa huhesabiwa hataza na bidhaa mpya. Nyinyi ni kampuni moja na hamna hataza, mbinu yenyewe haiwafai, ila fikra yake inafaa. Upande wa kutia andikeni kila kitu, pamoja na kile kinachosahauliwa: saa za fundi wenu akijifunza, saa zako wewe ukisuluhisha, mizigo iliyoharibika wakati wa kubadilisha mfumo. Bei ya ununuzi mara nyingi si gharama kubwa kuliko zote.

Upande wa kutoa, msihesabu mauzo. Mauzo yanapanda kwa sababu ya kaskazi nzuri au hoteli za Watamu kujaa, na hayakuambii lolote kuhusu ujuzi. Hesabuni kazi. Mtambo ukizima saa nane za usiku, anapigiwa nani simu? Miezi mitatu ya mwanzo itakuwa ni fundi wa Kilifi. Miezi sita, wenu ajaribu kwanza. Mwaka ukiisha na bado simu inakwenda Kilifi, mmekodi ujuzi kwa bei ya kuununua. Kipimo cha juu zaidi ni hiki: je, watu wenu wamebadilisha kitu? Labda wamegundua barafu ya vipande vidogo inamfaa pweza kuliko kamba, wakarekebisha kisu. Anayeweza kubadilisha ameelewa, anayeweza kuendesha tu bado yuko njiani. Daftari la matengenezo litawaambia yote haya, mradi kila tengenezo liandikwe limefanywa na nani.

Mimi naandika kutoka mbali na sijaona karatasi zenu, kwa hiyo kuna mambo lazima yafanywe ana kwa ana. Wakili aangalie kwenye daftari la dhamana za mali zinazohamishika, lililoanzishwa na sheria ya 2017, kama mtambo huo umewekwa rehani kwa mkopeshaji. Kampuni iliyobanwa na mkopo, sishangai ikiwa umewekwa, na mkiununua bila kujua mkopeshaji anaweza kuufuata hadi kwenu. Aangalie pia nani aliandika programu na lini. Iliyoandikwa na rafiki kabla kampuni haijasajiliwa inaweza kuwa bado mali ya rafiki, na haki hiyo huhamishwa kwa maandishi yenye saini, si kwa kupeana mikono. Namba za simu na malipo ya wavuvi ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, haziuzwi kama viti vya ofisi. Mamlaka ya Ushindani huenda isiwahusu kwa ukubwa wenu, lakini wakili athibitishe. Tafuteni pia mtaalamu wa programu asiye na undugu na upande wowote ausome msimbo kwa siku mbili tatu, na fundi wenu wa friji akae kwenye mtambo kutwa nzima, tangu kuwasha asubuhi hadi kusafisha ngoma. Vijana wakikataa hayo mawili kabla ya malipo, hata kwa sababu nzuri, ahirisheni.

Na mjomba mpelekeni Kilifi siku hiyo ya fundi. Mwenye hisa nyingi akiachwa nyumbani huzuia hata kilicho kizuri, na kwa jinsi ulivyomweleza, yeye ndiye atakayeuliza maswali magumu.